Tumbo bado linasumbua baada ya upasuaji wa laparoskopi: kusubiri, kutumia dawa au kurudi kwa daktari?

Umefanyiwa upasuaji wa matundu madogo, umeruhusiwa mapema, na kila anayekuja kukujulia hali anatazama vibandiko vitatu au vinne tumboni na kusema, "Mbona ni kidogo tu." Wewe unajua si kidogo. Ukiinuka kitandani tumbo linavuta. Ukila tonge chache tu linajaa. Kuna mahali panachoma, siku zinakwenda, na hujui kama ni kawaida. Unabaki na swali moja: nivumilie, nimeze dawa, au nirudi nilikopasuliwa?

Niseme mapema kwamba maumivu yako yana sababu. Matundu ya nje yana upana wa milimita 5 hadi 12 hivi, lakini kazi iliyofanyika ndani inakaribia kuwa ileile ambayo ingefanyika tumbo likifunguliwa: mfuko wa nyongo umebanduliwa kwenye ini, kidole tumbo kimekatwa, kizazi kimetolewa, ngiri imewekewa wavu. Udogo wa matundu umekupunguzia jeraha la ngozi na misuli. Kazi ya ndani haikupunguzwa.

Njia tatu ninazolinganisha hapa zote ni sahihi zikitumika mahali pake, na wagonjwa wengi hupitia zote kwa nyakati tofauti. Kabla ya kuzipima, kuna mambo ambayo hayana uchaguzi.

Yasiyosubiri ulinganisho

Nenda kwenye huduma ya dharura, hata kama ni usiku, ukiwa na mojawapo ya haya: maumivu yanayozidi saa baada ya saa, tumbo kuwa gumu au kuvimba na kukaza, kutapika kusikokoma, kushindwa kupata choo na kushindwa hata kutoa hewa huku tumbo likijaa, homa ya nyuzi 38 au zaidi, au baridi inayokutetemesha, macho kuwa ya manjano, kuzimia, moyo kwenda mbio au jasho la baridi, damu nyingi kutoka popote, kushindwa kukojoa. Kupumua kwa shida, maumivu ya kifua, au mguu mmoja kuvimba na kuuma kwenye shavu la mguu navyo ni vya dharura: havihusu tumbo moja kwa moja, lakini vinaweza kuwa dalili za damu iliyoganda, ambayo ni hatari kwa yeyote aliyetoka kupasuliwa.

Ikiwa huna hata moja kati ya hayo, endelea kusoma.

Vigezo vya kupimia

Kigezo kikubwa kuliko vyote ni *mwelekeo* wa maumivu. Watu huulizana maumivu ni makali kiasi gani, na hilo lina maana yake, lakini baada ya laparoskopi swali zito zaidi ni kama leo ni afadhali kuliko jana. Mwili unaopona vizuri huonyesha nafuu kila siku, hata ikiwa ndogo. Linganisha tendo lilelile: kuinuka kitandani, kukohoa, kutembea hadi mlangoni. Kama jana ulishika tumbo kwa mikono miwili na leo umeshika kwa mmoja, unaelekea pazuri. Siku moja mbaya baada ya kujishughulisha kupita kiasi si kurudi nyuma, mradi ukipumzika inatulia. Maumivu yaliyokuwa yamepungua kisha yakapanda tena bila sababu, na yakaendelea kupanda, ni habari nyingine kabisa.

Kigezo cha pili ni *mahali*, na hapa ndipo watu hujichanganya zaidi. Ili kupata nafasi ya kuona na kufanya kazi, wapasuaji hujaza tumbo kwa gesi ya kaboni dioksaidi, kwa kawaida kwa mgandamizo wa milimita za zebaki 12 hadi 15. Kuta za tumbo hutanuka, na gesi inayobaki husumbua kiwambo, ule msuli wa kupumulia ulio kati ya kifua na tumbo. Neva inayokihudumia kiwambo inatoka shingoni, karibu na zile za bega, kwa hiyo ubongo unaweza kuyasoma maumivu ya kiwambo kuwa ni ya bega. Ndiyo maana mtu aliyepasuliwa tumbo analalamika bega, mara nyingi la kulia, na huzidi akikaa wima. Kwa kawaida huisha ndani ya siku mbili tatu, pengine hadi wiki.

Gesi hiyo haitoki kwa kujamba. Iko nje ya utumbo. Inanyonywa na damu kisha unaitoa kwa kupumua. Hewa unayosikia ikinguruma ndani ya utumbo ni suala tofauti: utumbo uliosinzia baada ya upasuaji na dawa za usingizi. Utumbo mwembamba huamka ndani ya takribani siku moja, na utumbo mpana huchukua siku mbili hadi tatu. Nakazia tofauti hii kwa sababu mtu anayedhani "ni gesi ya upasuaji tu" anaweza kukaa wiki mbili na tumbo lililojaa, wakati tatizo lake ni kufunga choo, jambo linalotibika kwa urahisi, au ni kitu kinachohitaji daktari.

Maumivu ya kitovuni huelezeka pia. Mara nyingi hapo ndipo penye tundu kubwa kuliko mengine, na kiungo kilichokatwa huweza kuwa kimetolewa kupitia hapo. Kuuma zaidi ya matundu mengine kwa wiki kadhaa si ajabu.

Kigezo cha tatu ni *umri wa maumivu*. Siku tatu za kwanza karibu kila kitu kinauma. Kati ya siku ya nne na ya kumi ndipo baadhi ya matatizo ya ndani hujitokeza, kama kuvuja kwa nyongo au usaha kukusanyika baada ya upasuaji wa kidole tumbo, kwa hiyo kipindi hicho kinahitaji macho zaidi ingawa mtu anajiona amevuka. Wiki ya pili hadi ya sita ni za mvuto, kuwasha, ganzi kando ya makovu na uchovu. Maumivu yanayodumu miezi 3 au zaidi yana jina lake rasmi, maumivu sugu ya baada ya upasuaji, na yamo katika orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika mwaka 2022.

Mwisho, jiulize kama maumivu haya ni *mapya au ni yaleyale* yaliyokupeleka kupasuliwa.

Njia ya kwanza: kusubiri huku ukijiuguza nyumbani

*Inashughulikia nini.* Mabaki ya gesi, misuli iliyotanuliwa, nyuzi zinazovuta, na utumbo uliolegea. Kusubiri hapa si kulala kitandani ukihesabu siku. Ni kutembea kidogo mara nyingi kwa siku, kwa sababu mwendo huamsha utumbo na hupunguza hatari ya damu kuganda miguuni. Ni kunywa maji ya kutosha na kula kidogokidogo. Unapoinuka, geukia ubavu kwanza, shusha miguu, kisha jisukume kwa mkono. Unapokohoa au kupiga chafya, kumbatia mto tumboni. Bega likiuma, lala chali kwa muda. Kitambaa cha joto husaidia begani na hata tumboni, lakini kiweke mbali na vidonda: ngozi ya hapo inaweza kuwa na ganzi, na mtu akaungua bila kuhisi. Kutafuna bazoka nako husaidia utumbo kuamka. Ni jambo dogo lakini limejaribiwa hospitalini.

*Nguvu yake.* Haina madhara ya dawa, inakuacha usikie mwili unasema nini, na kwa wengi inatosha.

*Udhaifu wake.* Inategemea uaminifu wako. Kuna watu waliolelewa kuvumilia, na uvumilivu wao huwageuka hapa: hawakohoi kwa kuogopa maumivu, hawavuti pumzi ndefu, hawatembei, na mapafu pamoja na utumbo hulipia. Ikiwa maumivu yanakuzuia kutembea au kuvuta pumzi hadi mwisho, kusubiri bila dawa si ushujaa, kunachelewesha kupona. Hatari ya pili ni kuzoea. Ukiishi na maumivu siku nane unaweza usitambue yamebadilika. Andika kila jioni sentensi moja: yako wapi, yamepanda au yameshuka, nimepata choo au sijapata.

*Inamfaa nani.* Aliye na nafuu ya siku kwa siku, anayekula, anayetoa hewa na kupata choo, asiye na homa. Humfaa pia anayejisikia tu kuvutwa kwenye makovu katika wiki ya tatu au ya nne. Mvuto huo ni tishu zinazojiunga. Kwa wiki 4 hadi 6 hivi wapasuaji wengi hukataza kunyanyua vitu vizito kwa sababu ukuta wa tumbo bado haujarudisha uthabiti wake. Fuata muda uliopewa wewe, maana hutofautiana kwa aina ya upasuaji.

Njia ya pili: kutumia dawa za maumivu kwa mpangilio

*Inashughulikia nini.* Maumivu yenyewe, si chanzo chake. Dawa haifungi kidonda wala haiondoi gesi. Inakupa nafasi ya kufanya yanayoponya, yaani kutembea, kupumua na kulala.

Parasetamoli ndiyo msingi. Kwa mtu mzima wa uzito wa kawaida ni miligramu 500 hadi 1,000 kila baada ya saa 4 hadi 6, bila kuvuka gramu 4 kwa saa 24. Mwenye ugonjwa wa ini, anayekunywa pombe sana au mwenye uzito mdogo anahitaji kiwango cha chini alichopangiwa na daktari. Angalia vizuri: vidonge vingi vya mafua na baadhi ya vidonge vyenye kodeini tayari vina parasetamoli ndani, na mtu huzidisha bila kujua. Kundi la pili ni ibuprofeni na diklofenaki, ambazo hupunguza uvimbe pamoja na maumivu. Hizi ni ndugu, usizimeze zote mbili kwa pamoja, na hazimfai mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, pumu inayochochewa nazo, mjamzito, au anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, isipokuwa daktari aliyemjua ameamua hivyo. Kundi la tatu ni tramadoli, kodeini na jamii ya mofini: zina nguvu, na zina bei yake.

*Nguvu yake.* Katika siku za kwanza, dawa iliyomezwa kwa saa zake hufanya kazi vizuri kuliko ile inayosubiri maumivu yafike kileleni. Parasetamoli na ibuprofeni kwa anayeruhusiwa zote mbili husaidiana kwa sababu hufanya kazi kwa njia tofauti, na mara nyingi humwondolea mgonjwa haja ya zile kali.

*Udhaifu wake.* Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo maumivu mengi ya tumbo ya wiki ya kwanza huzaliwa. Tramadoli, kodeini na mofini hupunguza mwendo wa utumbo. Unameza kidonge kwa sababu tumbo linauma; kidonge kinafunga choo; choo kilichofungwa kinajaza tumbo na kuliuma; unameza kingine. Mtu akiwa ndani ya mzunguko huo huamini upasuaji umeharibika. Kama umepewa dawa ya kundi hili, uliza siku hiyohiyo kuhusu dawa ya kulainisha choo, na iache ile kali mara tu parasetamoli inapotosha. Huleta pia usingizi, hivyo usiendeshe gari, na anayenyonyesha asimeze kodeini bila kumuuliza daktari.

Udhaifu mwingine ni kwamba parasetamoli na ibuprofeni hushusha homa. Homa ndiyo mojawapo ya habari unazozihitaji. Suluhisho ni rahisi: pima joto kabla ya kumeza dozi, si baada yake, na uliandike.

*Inamfaa nani.* Aliye katika siku za mwanzo na maumivu yanayomzuia kutembea, kulala au kuvuta pumzi ndefu, mradi mwelekeo ni wa nafuu. Dawa zikihitajika kidogo kuliko jana, uko sawa. Ikiwa siku ya sita unahitaji nyingi kuliko siku ya tatu, hesabu hiyo pekee inatosha kukupeleka kwenye njia ya tatu.

Njia ya tatu: kurudi kwa daktari kabla ya tarehe uliyopangiwa

*Inashughulikia nini.* Chanzo. Daktari atashika tumbo, atahesabu mapigo ya moyo, atapima joto, na akiona haja ataagiza vipimo vya damu, ultrasaundi au CT skani. Mengi yanayogunduliwa hapa hayaonekani kwa macho nyumbani: usaha uliojikusanya, mkojo wenye maambukizi hasa kwa aliyewekewa mpira wa mkojo, kijiwe kilichobaki kwenye mrija wa nyongo, au utumbo mdogo ulioponyoka kupitia tundu la upasuaji na kuwa ngiri. Ngiri ya tundu hutokea zaidi kwenye matundu yenye milimita 10 au zaidi, hujitokeza kama uvimbe unaotokeza ukikohoa, na inaweza kuja baada ya miezi.

Kuna na tatizo ambalo husahaulika sana: neva ya ukuta wa tumbo iliyobanwa na kovu au mshono. Mgonjwa huweza kuonyesha mahali panapouma kwa ncha ya kidole kimoja. Maumivu yake huchoma, na kukaza tumbo huyazidisha. Kipimo cha kuitambua hakihitaji mashine. Daktari hubonyeza pale panapouma kisha humwomba mgonjwa ainue kichwa na mabega. Maumivu yakizidi, ishara ni kwamba chanzo ni ukuta na si viungo vya ndani. Mpasuaji wa Marekani, Carnett, alikieleza mwaka 1926, na bado kinatumika. Sindano ya ganzi mahali hapo inaweza kuthibitisha na pia kuleta nafuu.

*Nguvu yake.* Unapata jibu badala ya kubahatisha. Hata jibu la "hii ni kawaida, endelea" ni tiba kwa mtu ambaye halali kwa wasiwasi.

*Udhaifu wake.* Gharama, safari na muda wa kusubiri ukiwa bado unauma. Ukienda kwa daktari ambaye hajui ulifanyiwa nini, anaweza kuanza upya na vipimo visivyo vya lazima. Punguza hilo kwa kubeba karatasi ya kuruhusiwa, orodha ya dawa na saa ulizomeza, na zile sentensi zako za kila jioni. Kama ulipewa namba ya kupiga, anza na simu.

*Inamfaa nani.* Ambaye hana dalili za dharura lakini mwelekeo wake umesimama au umegeuka. Humfaa pia yule ambaye kuna jambo halimkai sawa ingawa hawezi kulieleza. Ninawaomba sana watu wa kundi hili wasione haya. Madaktari wenyewe hufundishwa kwamba mgonjwa wa laparoskopi asiyeonyesha nafuu ndani ya siku moja au mbili anapaswa kuchunguzwa. Hutawasumbua kwa kuwapa taarifa wanayoihitaji.

Kwa hali yako

Siku ya pili, bega linauma na tumbo limetuna kidogo, lakini unatoa hewa: parasetamoli kwa saa zake, tembea, subiri. Bega likiambatana na kupumua kwa shida, hiyo si ya kusubiri.

Siku ya nne hujapata choo, hewa inatoka, hutapiki: angalia kwanza dawa unazomeza. Acha zile kali ikiwezekana, ongeza maji na mwendo, ulizia dawa ya choo. Ikifika siku ya tano au ya sita bila mabadiliko, piga simu.

Umetolewa mfuko wa nyongo na ndani ya siku kumi maumivu ya juu kulia yanapanda, au mkojo umekuwa mweusi na choo cheupe: daktari siku hiyohiyo. Kama ni kuharisha tu baada ya chakula chenye mafuta, kwa wengi hutulia kadiri wiki zinavyopita. Punguza mafuta, kisha litaje kwenye miadi yako.

Umetolewa kidole tumbo, ulikuwa umeshapata nafuu, na wiki moja baadaye homa na maumivu ya chini vimerudi, pengine na kuharisha: usijitibu kwa vidonge vya maumivu, rudi.

Umetolewa kizazi na maumivu yamehamia ubavuni, au kuna mkojo unaovuja, uchafu wenye harufu au damu inayoongezeka: rudi bila kungoja miadi.

Wiki ya tano, panavuta ukijinyoosha, kwingine pote ni pazima: subiri, rudi kwenye shughuli hatua kwa hatua. Ukiona uvimbe unaotokeza ukikohoa, weka miadi. Uvimbe huo ukiwa mgumu, unauma na haurudi ndani, nenda dharura.

Maumivu ni yaleyale ya kabla ya kupasuliwa: dawa zitayapunguza na kusubiri kutayaahirisha, lakini mwambie daktari kwa maneno hayohayo, "ni yaleyale." Huenda chanzo hakikuwa kile kilichotolewa, au sehemu yake imebaki.

Miezi 3 imepita na bado unauma: omba uchunguzi wa ukuta wa tumbo kwa ile hatua ya kuinua kichwa na mabega, na uliza kama kuna kliniki ya maumivu unayoweza kuelekezwa. Kama daktari wa kwanza amekuambia vipimo vyako ni safi na maumivu bado yapo, muone wa pili ukiwa na vipimo hivyo mkononi.